Kiingereza cha Kuombea Maji Kinapofanya Kazi Kubwa

Tumezoea kumpima mtu anayeandika Kiingereza mtandaoni kwa umbali uliobaki kati yake na Mwingereza. Akisahau "the", hajui. Akiandika "he" mahali pa "she", watu wanacheka, na wa kwanza kucheka mara nyingi ni yule ambaye naye Kiingereza alikikuta darasani. Kipimo hicho kibovu. Kwa sisi tunaoshinda tukisoma na kujibu ujumbe wa kazi kutoka kwa watu wa lugha mbalimbali, swali lenye maana ni hili: msomaji akifika mwisho, anajua la kufanya? Akijua, mwandishi kafaulu, hata kama mwalimu wa sarufi angeichafua karatasi yote kwa wino mwekundu. Asipojua, hata ufasaha wa aliyezaliwa nacho haukumfaa mtu.

Zana nyingi ambazo intaneti inazitegemea zilianzishwa na watu walioandika Kiingereza cha kujifunza. Linus Torvalds ni Mfini ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswidi. Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mwingine wa kompyuta, kwa Kiingereza, kwamba anatengeneza mfumo endeshi wake mwenyewe. Ujumbe ulikuwa mfupi. Aliuliza wanapenda nini na hawapendi nini katika Minix, akataja programu alizokwisha kuzihamishia kwenye mfumo wake pamoja na namba za matoleo yake, bash 1.08 na gcc 1.40, kisha akaeleza bila kupamba mambo ambayo mfumo wake usingeyaweza. Mfumo huo ndio Linux. Guido van Rossum, Mholanzi, alitoa lugha ya kuandikia programu, Python, mwaka 1991, na Yukihiro Matsumoto, Mjapani, akatoa nyingine, Ruby, mwaka 1995. Majina kama hayo ni mengi. Yanayosahaulika ni maelfu ya wengine ambao kila siku wanaripoti hitilafu, wanajibu maswali na kuandika maelekezo kwa lugha waliyoipata ukubwani.

Tazama jumbe mbili, tulizozitunga kwa mfano wa zile zinazotufikia kila wiki. Ya kwanza:

"Hey folks, so my printing's been acting up since the last update and it's driving me up the wall. I've tried pretty much everything. Any ideas before I chuck the whole thing out the window?"

Ya pili:

"Yesterday I install version 3.2. Before, printing was work. After, printing stop. I do: open file, press Print, choose two pages. I expect two pages come. Only one page come, and message I copy below. With version 3.1 same file is print good."

Ya kwanza haina kosa la sarufi hata moja. Pia haina namba ya toleo, haina hatua, haina ujumbe wa hitilafu, na hiyo "everything" aliyoijaribu hatuijui ni ipi. Ukimjibu, jibu lako la kwanza litakuwa maswali manne, na siku nzima inaweza kupita kabla hajarudi. Ina pia misemo miwili, wa kupandishwa ukuta na wa kutupa kitu dirishani, ambayo mashine ya kutafsiri inaweza kuichukua neno kwa neno na kumwacha msomaji akishangaa nani kapanda ukuta.

Ya pili ina kosa karibu kila sentensi, lakini tayari tunajua cha kufanya: weka toleo la 3.1 na la 3.2, fungua faili ileile, chagua kurasa mbili, linganisha. Mwandishi ametuambia alichofanya, alichotegemea, alichokiona, na wakati gani tatizo halikuwepo. Hilo la mwisho ndilo linalookoa muda kuliko yote, maana linatuonyesha kwamba kosa limeingia kati ya matoleo mawili yanayojulikana.

Tofauti hii ina sababu. Anayeandika kwa lugha ya pili kila sentensi inamgharimu: anaitafuta, anaipima, anahakiki neno moja kwenye kamusi, anafuta. Mtu anayelipa bei hiyo hatumii sentensi kuchangamsha baraza. Anaitumia kusema jambo. Tusizidishe sifa, lakini. Wapo pia wanaoandika "Not work. Help please" na kunyamaza, na huyo naye ni wa lugha ya pili. Tunaowasifu hapa ni wale waliogeuza uchache wa maneno kuwa usahihi.

Ukisoma ujumbe wa namna hii, tenga makosa mafungu mawili. Fungu la kwanza halidhuru, lipite tu. "A" na "the" zinawasumbua wasemaji wa Kirusi, Kipolandi, Kichina, Kijapani, Kikorea na Kiswahili kwa sababu lugha hizo hazina vineno hivyo. Kiambishi "s" cha nafsi ya tatu nacho hakibebi habari yoyote ambayo sentensi haijaisema. Vivyo hivyo "I use this program since 2019", ambayo ni Kifaransa au Kijerumani kilichovaa nguo za Kiingereza: maana iko wazi. "He" na "she" zinawachanganya wasemaji wa Kituruki, Kifini, Kihungaria, Kiajemi na sisi wenye "yeye" isiyouliza jinsia. Hiyo ya mwisho inaweza kuleta utata habari ikihusu watu wawili, na dawa yake ni kuandika cheo au jina badala ya kiwakilishi: "the accountant sent the file", mambo yakaisha.

Fungu la pili linahitaji macho. Linaanza na swali la kukanusha. Ukimwuliza mtu kwa Kiingereza "Didn't you delete the old file?" naye akajibu "Yes", umepata nini? Mwenye lugha ataelewa kwamba faili imefutwa. Lakini kwa Kiswahili, ukiulizwa "Hukuifuta faili ya zamani?" unajibu "Ndiyo, sikuifuta", na wasemaji wa Kijapani, Kichina na Kikorea nao hufuata njia hiyohiyo ya kukubaliana na kauli iliyomo katika swali. Faili bado ipo, na wewe unaendelea na hatua ya pili ukiamini imeondoka. Kwa hiyo anayeuliza asiulize kwa kukanusha: "Did you delete the old file?" inatosha. Anayejibu naye asiache "Yes" peke yake, aandike "I did not delete it." Maneno matano, hakuna anayepotea.

Kisha nyakati za vitenzi, pale mfuatano wa matukio unapobeba maana. "I restart the server and the error appears" inaweza kumaanisha lilitokea jana mara moja, au linatokea kila seva inapowashwa upya. Kwa fundi hayo ni matatizo mawili tofauti. Usimfundishe mtu wakati uliopita, mwulize "Every time, or one time only?" na utapata jibu kwa neno moja.

Halafu kuna maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. Mjerumani, Mfaransa au Mhispania anaweza kuandika "eventually" akimaanisha "huenda", kwa sababu lugha yake ina neno linalofanana nalo lenye maana hiyo. Katika Kiingereza neno hilo lina maana ya "hatimaye". "We will eventually change the password" kwake ni jambo ambalo labda litafanyika. Kwako ni ahadi. "Actually" nayo, kwa watu haohao, mara nyingi ni "kwa sasa". Mfaransa akiandika "I demand", yaelekea anaomba kwa adabu zote, maana neno la kwao linalofanana nalo ni la kuuliza au kuomba. Kabla ya kukasirika, angalia sehemu iliyobaki ya ujumbe. Kama imejaa "thank you" na "please", basi ukali ulioukuta ni wa kamusi, si wa mtu. Na msemaji wa Kiingereza cha India akisema "I have a doubt", hana shaka nawe. Ana swali. Huyo hata hajakosea. Ndicho Kiingereza cha kwao.

Mwisho ni maneno ya lazima na hiari, na hapa wenye lugha ndio wanaotega mitego. Mwingereza akikuandikia "You might want to check the backup", mara nyingi anamaanisha hakikisha leo. Mtu aliyejifunza vitabuni anaisoma kama pendekezo, analiweka kando. Waandishi wa viwango vya intaneti waliliona tatizo hili mapema. Machi 1997 ilitolewa hati ya RFC 2119, ya Scott Bradner, ambayo kazi yake yote ni kuweka bayana kwamba MUST ni lazima isiyo na mjadala, SHOULD inaweza kuachwa kwa sababu nzito inayojulikana, na MAY ni hiari kamili. Mtu yeyote anayeandika maelekezo ya kusomwa na watu wa lugha nyingi anaweza kuazima mpango huo bila ruhusa ya mtu.

Usafiri wa anga ulijifunza somo hili kwa damu. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca, safari namba 52 kutoka Colombia, ilizungushwa angani kwa muda mrefu ikisubiri kutua New York. Mafuta yalikuwa yanaisha. Rubani msaidizi aliomba "priority" na akasema mafuta yanakwisha, lakini neno "emergency" halikutamkwa kwa waongozaji. Kwao, kila ndege iliyokuwa angani usiku ule mafuta yake yalikuwa yanapungua. Neno lililohitajika kuifungulia njia ni lile moja. Ndege ilianguka Long Island, wakafa watu 73 kati ya 158. Wachunguzi walitaja kushindwa kwa wafanyakazi wa ndege kuijulisha hali ya hatari, na pia ukosefu wa istilahi sanifu inayoeleweka na pande zote kuhusu upungufu wa mafuta.

Leo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka kipimo cha Kiingereza cha marubani na waongozaji wa safari za kimataifa chenye ngazi sita, na ngazi ya nne ndiyo ya chini inayokubalika kazini. Vinapimwa vitu sita: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, mtiririko, ufahamu na mawasiliano ya kupokezana. Alama ya mwisho ni ile ya chini kabisa kati ya sita, kwa hiyo huwezi kufidia ufahamu dhaifu kwa matamshi ya kupendeza. Na katika ngazi hiyo ya nne lafudhi ya lugha ya kwanza inaruhusiwa wazi. Kinachokatazwa ni iwe kikwazo cha mara kwa mara katika kueleweka. Watu wanaobeba roho za abiria hawadai usikike kama mzawa. Sisi tunaojadili printa tunadai kwa nini?

Viwanda vya ndege vilikwenda mbali zaidi katika maandishi. Tangu miaka ya 1980, tasnia ya ndege Ulaya imekuwa na Kiingereza kilichorahisishwa kwa ajili ya vitabu vya ufundi, ambacho sasa kinajulikana kama ASD-STE100, kwa sababu mafundi wengi wanaovisoma si wenye lugha. Sentensi ya kuelekeza kazi isizidi maneno 20, ya kufafanua isizidi 25, na neno moja libaki na maana moja. "Follow", kwa mfano, ni kuja baada ya kitu. Ukitaka kusema mtu atii maagizo, unatumia "obey". Mwandishi mzawa akipewa kanuni hizi kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba amefungwa mikono. Aliyejifunza Kiingereza kama lugha ya pili hushangaa tu kwamba kumbe alivyokuwa akiandika siku zote kuna watu wamekigeuza kuwa kiwango.

Ukiwatazama wanaofanya vizuri, utaratibu wao haupishani sana. Kichwa cha ujumbe kina maneno kati ya sita na kumi: jina la programu, toleo, tatizo. "Report 3.2: second page does not print" inashinda "Urgent help!!!" kwa kila hali. Sentensi ya kwanza inasema wanachotaka kufanikisha. Hatua zinapewa namba, kitendo kimoja kwa kila namba, maana hatua mbili zikiunganishwa kwa "and then" anayejibu hawezi kukuambia "rudia hatua ya 4". Mwisho kuna swali moja. Ukiuliza matatu, tarajia kujibiwa lile jepesi.

Ujumbe wa hitilafu wanaunakili na kuubandika kama maandishi. Picha ya skrini haitafutiki, haiingii kirahisi kwenye mashine ya kutafsiri, na asiyeona hawezi kuisoma kwa kisoma-skrini chake. Kuuandika upya kwa mkono ni hatari zaidi, kwani herufi moja ikibadilika anayejibu atatafuta kosa lisilokuwepo. Na kama kompyuta yako inaongea lugha nyingine, usiutafsiri mwenyewe. Tafsiri yako haitalingana na maneno ambayo wengine wameyatafuta na kuyajibu. Kwenye Linux na mifumo ya jamaa yake, andika LC_ALL=C mbele ya amri, nafasi moja, kisha amri yenyewe, na programu nyingi zitatoa ujumbe kwa Kiingereza kwa mara hiyo tu. Penye namba ya kosa, iweke, maana namba haina lugha.

Tarakimu zinaangusha watu wenye Kiingereza safi kabisa. 04/05 ni tarehe 5 Aprili kwa Mmarekani na tarehe 4 Mei kwa Mwingereza. Andika jina la mwezi, au tumia mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, 2024-05-04. 1.500 kwa Mjerumani ni elfu moja na mia tano, kwa Mwingereza ni moja na nusu. "Billion" ya Kiingereza cha leo ina sifuri tisa, lakini kwa Kifaransa, Kihispania na Kijerumani neno linalofanana nalo lina sifuri kumi na mbili. Kiasi kikiwa na uzito, andika tarakimu zote. Saa ziandike kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia.

Na tukiwa hapo tuwaguse wenye lugha kidogo. Vitenzi vyao vya vipande viwili na vitatu, "put off", "put up with", "put out", ni mateso kwa msomaji, kwa sababu ukizifahamu "put" na "off" hujajua lolote. "Postpone" na "tolerate", ambazo wao huziona za kiofisi, zinapatikana kwenye kamusi kwa hatua moja, na msemaji wa Kihispania huzitambua mara moja. Hata wao hukwama: "to table" jambo mkutanoni Uingereza ni kulileta lijadiliwe, Marekani ni kuliweka kando. Watu wawili wenye lugha moja wanaweza kukubaliana kwa furaha juu ya mambo mawili yanayopingana.

Sasa, kuthamini. Sifa ya haraka inayotolewa ni "Your English is very good!" Inatoka kwenye nia njema, lakini angalia inachofanya. Mtu alileta hoja, wewe umejibu kuhusu mtu. Ukimwambia hivyo mwenzako mliyefanya kazi pamoja kwa miaka, umemkumbusha kwamba bado anahesabiwa mgeni. Tena huwezi kujua kwa jina: wapo wengi wenye majina ya mbali ambao Kiingereza ndicho walichokulia. Sifa inayofaa inashika kitu: "Your step 4 let me see the problem on the first try." Hiyo inamwambia alichofanya vizuri, naye atakirudia; na wengine wanaosoma wanajua nini cha kuiga.

"Sorry for my English" utaikuta chini ya jumbe nyingi, mara nyingi zilizo bora kuliko za majirani zake. Ni ngao tu, mtu anajikinga na kicheko kabla hakijaja. Huna haja ya kuijadili. Jibu hoja, au weka sentensi moja tu, "Your description is clear," uendelee na kazi.

Usipoelewa, kuna namna ya kuuliza inayosaidia na namna inayoua mazungumzo. "I don't understand, please explain better" inamfanya mtu aandike upya sentensi zote kumi na mbili, zikiwemo kumi na moja ulizozielewa, na toleo la pili linaweza kuwa baya kuliko la kwanza kwa sababu sasa ana wasiwasi. Nakili ile sentensi moja iliyokukwamisha, kisha mpe maana mbili: "Do you mean A, the program closes, or B, the program stays open but stops?" Atajibu "B". Umemwondolea kazi ya kutunga, umemwachia ya kuchagua. Kabla ya kutoa suluhisho refu, rudia kwa maneno yako ulichokielewa, mistari miwili mitatu, na mpe nafasi ya kusema hapana. Na asipojibu haraka, mwache. Anasoma, anatafsiri, anatunga, anahakiki. Ukimtumia jumbe tatu za ziada wakati huo, umemwongezea mitihani mitatu.

Kusahihisha sarufi ya mtu mbele ya watu, bila kuombwa, hakuna inalojenga. Kama kosa linabadilisha maana, tumia neno sahihi katika jibu lako na usonge mbele. Wanaojifunza wana macho makali, wataliona. Akiomba kusahihishwa, msahihishe faraghani, mambo mawili kwa mara moja, ukianza na yale yanayoharibu maana. Vineno "a" na "the" vinaweza kusubiri miaka.

Mashine za kutafsiri zimebadilisha hali, na ni zana halali. Zinataka ulishaji mzuri: sentensi fupi, mtenda aliyetajwa, bila methali. Kutoka Kiswahili, mashine haijui "yeye" ni nani, hivyo hubahatisha jinsia, na sentensi yenye "ambaye" tatu ndani yake huipoteza njiani. Majina ya vitufe na amri yasitafsiriwe kabisa. Baada ya kutafsiri, irudishe kwa Kiswahili ukitumia zana nyingine. Hapo utakamata kanushi iliyodondoka, kosa baya kuliko yote, ingawa ukali wa sauti hutauona. Programu za kung'arisha maandishi nazo zina mtego wake: hulainisha sentensi mpaka "may fail" inageuka "will fail". Soma vitenzi vyote upya kabla ya kutuma.

Kuna ubaya mwingine uliokuja na zana hizi. Watu wanaendesha maandishi ya wenzao kwenye vigunduzi vya maandishi ya akili bandia na kuwatuhumu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vigunduzi saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasio wazawa, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilizoandikwa na binadamu zilitajwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi wazawa wa Marekani karibu zote zilipita. Sababu inaeleweka: vigunduzi hivyo huangalia jinsi maneno yanavyotabirika, na anayetumia msamiati mdogo kwa uangalifu hutabirika. Yaani nidhamu ileile tuliyoisifu huku juu ndiyo inayomfanya ashukiwe. Kigunduzi peke yake si ushahidi.

Mikutano ya video ina shida zake, nyingi zinatibika kwa kutuma ajenda siku moja kabla, kuwasha manukuu, na kuandika uamuzi kwenye dirisha la gumzo papo hapo. Baada ya kuuliza, nyamaza muda mrefu kidogo kuliko unavyojisikia. Aliye kimya huenda bado anaunda sentensi, wala hajakubali chochote.

Panapobaki kazi ya kudumu ni kwenye maelekezo ya programu huria. Mtu ameandika ukurasa mzuri wa namna ya kuweka programu, hatua zote sahihi, sarufi imepinda. Wengine huurudisha mara tano kwa ajili ya koma, na mara ya sita mwandishi haonekani tena. Wengine huuandika upya wenyewe na jina lake likapotea. Fanya mambo mawili tofauti. Kwanza zijaribu hatua zake kwenye kompyuta safi, na zikifanya kazi pokea badiliko lake kama lilivyo, kwa jina lake. Kisha wewe, katika badiliko la pili, nyoosha sarufi bila kugusa amri, namba wala mpangilio wa hatua, na kabla ya kuliingiza mwombe yeye alisome, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama kunyoosha kwako kumeharibu maana. Ikilazimu yote yaingie pamoja, wanaotumia Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya faili, huweka mstari wa Co-authored-by mwishoni mwa maelezo ya badiliko. Acha mstari mmoja mtupu juu yake, kisha jina na barua pepe anayotaka ionekane.